Kifafa, akili au pepo? Jibu kwa muuguzi aliyeuliza kuhusu simulizi za kale za kutoa pepo

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya afya ya akili, na ni Mkristo. Kila nikisoma habari za yule kijana wa Marko 9 naona kifafa kitupu: povu, kusaga meno, kukakamaa, kuanguka motoni. Je, simulizi za Wakristo wa kale za kutoa pepo, za Injili na za watakatifu waliofuata, zina maelezo ya kihistoria au ya kisaikolojia? Au zilitungwa tu? Na nikisema yule kijana alikuwa na kifafa, nitakuwa nimemkana Yesu?"

Marahaba, dada. Nianze na jibu, sababu zitafuata.

Kwamba Wakristo wa karne za kwanza walikuwa wakitoa pepo, na kwamba watu walioletwa wakiwa hoi waliondoka wametulia, hilo sina sababu ya kulitilia shaka. Ushahidi wake ni mwingi kuliko wa mambo mengi ya kale tunayoyafundisha darasani bila hata kukohoa. Lakini kuichukua simulizi moja moja na kuiandikia jina la ugonjwa, kama unavyoandika wewe kwenye faili la mgonjwa, hapo ninasita sana. Na ukinibana nitaje maelezo yanayobeba mengi kuliko mengine, sitataja kifafa wala skizofrenia. Nitasema hivi: jamii ile ilimpa mtu aliyeelemewa namna ya kuonyesha mateso yake ambayo kila aliyekuwepo aliielewa, na ikampa mtu mwingine mamlaka ya kuyaamuru yakome. Mengi tunayoyasoma yalitokea kati ya watu hao wawili. Yaliyobaki ni kazi ya waandishi, na waandishi nao walikuwa na mambo yao.

Tuwasikilize maadui kwanza, maana adui hana haja ya kukupamba. Katika Marko 3 waandishi wa sheria kutoka Yerusalemu hawasemi kwamba Yesu hatoi pepo. Wanasema anawatoa kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Mkristo gani angetunga shutuma kama hiyo dhidi ya Bwana wake, kisha kanisa likaitunza miaka arobaini mpaka ikaandikwa? Karne ya pili Celsus, mwanafalsafa aliyewapinga Wakristo, alidai nguvu zao zinatokana na kutaja majina ya pepo. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inamkumbuka Yesu kama mtu aliyefanya uchawi. Wote hao wanagombania chanzo cha nguvu. Hakuna anayesema hapakuwa na kitu.

Tena Yesu hakuwa peke yake katika kazi hiyo, na mwenyewe alilikiri: "wana wenu huwatoa kwa nani?" Josephus, Myahudi aliyeandika historia ya taifa lake huko Roma mwishoni mwa karne ya kwanza, anasimulia habari za Myahudi mwenzake aitwaye Eleazari, ambaye alimwona akitoa pepo mbele ya jemadari wa Kirumi Vespasiano, wanawe na maafisa wa jeshi. Eleazari alikuwa na pete, na chini ya muhuri wa pete kulikuwa na mzizi ambao iliaminika uliagizwa na Mfalme Sulemani. Aliisogeza pete puani mwa mgonjwa, mgonjwa akanusa, pepo akavutwa nje kupitia matundu ya pua, mtu akaanguka chini pale pale. Eleazari akamwapisha pepo asirudi tena, akilitaja jina la Sulemani. Na ili watazamaji wasibaki na shaka, alikuwa ameweka karibu kikombe au beseni la kuoshea miguu lililojaa maji, akamwamuru pepo alipindue wakati wa kutoka.

Ukitoka hapo ukaingia sinagogi la Kapernaumu katika Marko 1, tofauti inakurukia machoni. Hakuna pete, hakuna mzizi, hakuna beseni. Kuna amri fupi tu: nyamaza, mtoke. Waliokuwepo wanaishangaa amri. Pepo mwenyewe hawamshangai, walishamzoea.

Taarifa nyingine zinaelekea huko huko. Lukiano wa Samosata, mwandishi wa dhihaka wa karne ya pili, anamcheka Msiria mmoja wa Palestina anayewainua watu walioanguka mbele ya mwezi, macho yamegeuka na mdomo umejaa povu, na kuwarudisha wazima kwa malipo manono. Huko Roma, Yustino Mfiadini, mtetezi wa imani wa karne hiyo hiyo, alijivunia Wakristo waliowaponya wenye pepo kwa jina la Yesu aliyesulubiwa chini ya Pontio Pilato, watu ambao wapunga pepo wengine walikuwa wameshindwa kuwaponya. Mwaka 197 Tertuliano wa Kartago, mwandishi Mkristo, aliwaambia watawala kwa maandishi: leteni mbele ya mahakama zenu mtu anayejulikana kuwa na pepo, Mkristo yeyote atamwamuru huyo pepo na atasema ukweli. Ni maneno ya mtetezi, yana chumvi, lakini hakuna anayeweka dau la namna hiyo juu ya jambo ambalo mji wake haujawahi kuliona. Kuna pia kitabu cha mafunjo cha waganga wa Misri, cha karne ya 4, ambacho leo kiko Paris. Ndani yake kuna maneno ya kumwapisha pepo "kwa Yesu, mungu wa Waebrania". Mwandishi wake hakuwa Mkristo, na Myahudi asingesema hivyo. Alikuwa amesikia tu kwamba jina hilo linafanya kazi.

Mwaka 251 jambo hili lilikuwa limeingia kwenye hesabu za ofisi. Askofu Kornelio wa Roma, akiandika kwa Fabio wa Antiokia, anaorodhesha watumishi wa kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti (wasaidizi wa altareni) 42, na watoa pepo pamoja na wasomaji na mabawabu jumla yao 52. Mtoa pepo alikuwa mtumishi anayelishwa na kanisa, kama bawabu. Ukifika hapo, swali la kama mambo haya yalitungwa tu linakuwa limeshajibika. Simulizi hii au ile ilitungwa, ndiyo, nitakuja kwenye hizo; lakini shughuli yenyewe ilikuwepo.

Sasa yule kijana wako.

Marko 9 ni simulizi ya ajabu kwa jinsi ilivyo na dalili nyingi. Baba anasema kijana akishikwa huangushwa chini, hutoka povu, husaga meno, hukauka. Imeanza lini? Tangu utoto. Mara nyingi ametupwa motoni na majini. Baada ya Yesu kuamuru, kijana analia, anatikiswa sana, kisha analala kama maiti hata wengi wakasema amekufa. Wewe umeshaona hayo yote, na hilo la moto umeliona kwa namna ya pekee: makovu ya kuungua mikononi na usoni kwa wagonjwa walioanguka jikoni kwenye mafiga. Dk. Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge karibu na 1960, alikutana na wagonjwa wa namna hiyo wengi, na aliona jinsi watu walivyoogopa hata kumgusa aliyeanguka. Usomaji wako si wa Kizungu wala wa kisasa. Katika Mathayo 17, Biblia yetu ya Muungano yenyewe inamwita kijana huyu mwenye kifafa.

Wala usidhani watu wa kale hawakujua kwamba kifafa kinaweza kuwa ugonjwa wa mwili. Karibu na 400 kabla ya Kristo, kitabu kimoja cha shule ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki, kilisema ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, chanzo chake ni ubongo, na wanaouita wa kimungu wanaficha kutojua kwao. Katika karne ya 3 Origene, mwalimu wa kanisa, akifafanua sura hiyo ya Mathayo, anakiri kwamba matabibu wana maelezo yao: unyevu wa kichwani unatikisika kwa kufuata mwezi. Anayajua maelezo hayo, anayakataa, anasema sisi tunaiamini Injili kwamba ni pepo mchafu. Karne moja na nusu baadaye Posidonius, tabibu aliyesifika, alifundisha kwamba wazimu hautokani na pepo bali na mchanganyiko mbaya wa majimaji ya mwilini. Tunamjua kupitia mwandishi Mkristo aliyemnukuu ili kumpinga. Kwa hiyo mabishano yenu pale kliniki, kati ya nesi na mama wa mgonjwa aliyetoka kwenye maombi, yana umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na pande zote mbili zilikuwa na watu wenye akili timamu.

Kwa hiyo alikuwa na kifafa? Kwa dalili alizotaja baba, ningesema ndiyo inaelekea, na hapo ningeweka kalamu chini. Sababu moja unaijua kuliko mimi: degedege kwa kawaida hukoma lenyewe baada ya dakika chache, na anayelala kama maiti baadaye huamka. Simulizi inatuonyesha mshtuko mmoja ukiisha. Haitupeleki nyumbani kwa yule baba miezi sita baadaye. Anayeamini muujiza ataamini kwamba haukurudi, na hiyo ni imani yake halali. Mimi mwenye kazi ya historia sina faili la marudio. Sababu ya pili: kuna mishtuko inayofanana na kifafa lakini haitoki kwenye umeme wa ubongo, inatoka kwenye dhiki ya nafsi, na hiyo huitikia amri na matarajio. Huwezi kuitofautisha na kifafa kwa kusoma aya 16 zilizoandikwa na mtu ambaye hakuwa tabibu.

Na ukiachana na kijana huyu, picha ya kifafa inapotea haraka. Mtu wa Kapernaumu anazungumza, tena anasema mambo yenye mantiki. Mwanamke wa Luka 13 amepinda mgongo miaka 18. Wengine ni bubu. Maria Magdalena ametokwa na pepo saba na hatuambiwi hata dalili moja. Mathayo 4 inataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila kundi peke yake, kisha sura ya 17 inamtoa pepo mwenye kifafa. Hawakuwa na mpaka tulio nao sisi. Anayetaka ugonjwa mmoja uwe nyuma ya pepo wote atabaki anakata kitambaa ili kitoshee mwili usiokuwepo.

Hapa ndipo saikolojia inapotusaidia zaidi, ikiwa tutaacha kuitumia kama kamusi ya magonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, ina nafasi ya hali ya kupagawa: mtu anahisi nafsi yake imechukuliwa na roho, mzimu au nguvu nyingine, anasema na kutenda kama huyo aliyemwingia. Lakini orodha hiyo hiyo inasema hali hiyo isihesabiwe ugonjwa pale inapokubalika ndani ya mila au dini ya mhusika. Maana yake wataalamu wenyewe wanakubali kwamba kupagawa ni jambo ambalo akili ya binadamu inaweza kulifanya, na kwamba jamii ndiyo inayolipa umbo: nani hupandwa, lini, anasema nini, anatulizwaje.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Pale Unguja, mwanaanthropolojia wa Norway Kjersti Larsen amechunguza kwa miaka mingi masheitani na makabila yao: ya Kiarabu, ya Kihabeshi, ya Kipemba, na ya kibuki yanayotoka Madagaska. Masheitani ya kibuki ni Wakristo. Yakimpanda mwanamke Mwislamu ambaye maisha yake yote hajagusa kilevi, yanadai brandi na yanainywa. Pepo anakuja na utaifa wake, dini yake, lugha yake na madai yake, na anamruhusu aliyempanda kusema na kudai ambacho mwenyewe asingethubutu. I. M. Lewis, aliyefanya utafiti kwa Wasomali miaka ya 1950, aliona wake walioelemewa wakipandwa na roho zinazodai nguo na manukato kwa waume zao. Lewis aliliona kama silaha ya mnyonge. Sidhani hilo linatosha kueleza kila kitu, maana wapo wanaoteseka kweli na hawapati hata kanga, lakini amegusa jambo kubwa. Sasa mrudie Lukiano: anaeleza kwamba Msiria yule akimhoji mgonjwa pepo ametokea wapi, mgonjwa hukaa kimya na pepo ndiye anayejibu, kwa Kigiriki au kwa lugha ya nchi alikotoka. Ungemweka mtu huyo Unguja, asingeona jambo geni.

Hapo pia ndipo ninapomsoma yule mtu wa makaburini katika Marko 5. Anaulizwa jina, anajibu: "Legioni, kwa kuwa tu wengi." Legioni ni kikosi cha jeshi la Kirumi, askari elfu tano na ushee. Pepo wanaomba wasifukuzwe nchini, jambo ambalo jeshi la kukalia nchi za watu lingeomba. Wanaingia nguruwe kama elfu mbili, nguruwe wanaporomoka ziwani. Legioni ya kumi, Fretensis, iliyopigana vita ya kuiteka Yerusalemu na kubaki pale baada ya mwaka 70, ilikuwa na nguruwe dume katika alama zake. Na mji wa Gerasa, Josephus anasema, majeshi ya Vespasiano yaliuingia, yakaua vijana elfu moja, yakaupora na kuuchoma. Marko anaandika miaka hiyo hiyo ya karibu na 70. Gerasa iko zaidi ya kilomita 50 kutoka ziwani, umbali ambao nguruwe hao wangehitaji kupumzika njiani. Mathayo aliliona tatizo akaihamishia Gadara, akaongeza na mgonjwa wa pili. Origene akapendekeza Gergesa iliyo ufukweni.

Wapo wanaosema basi simulizi yote ni siasa iliyofichwa. Wengine, wakimfuata Frantz Fanon aliyekuwa daktari wa akili Algeria wakati wa vita ya ukombozi, wanasema ukoloni ulimwingia yule mtu kichwani na yeye akaubeba kama pepo. Mimi nakubali nusu. Nguruwe na mji vina alama za mkono wa msimuliaji, na ninaona ni vigumu kuvitetea kama taarifa. Lakini nani angetunga mambo madogo yasiyohitajika na siasa: kwamba usiku na mchana alikuwa makaburini akilia na kujikatakata kwa mawe, kwamba walikwisha kumfunga pingu na minyororo akaikata, kwamba mwishoni amekaa, amevaa nguo, ana akili zake? Na kwamba wenyeji walipomwona hivyo waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke? Ninaposoma hayo naona mtu halisi aliyechanganyikiwa, na kijiji kilichokuwa kimezoea awe hivyo. Siasa ilikuja juu yake wakati simulizi ikisafiri.

Kwa nini amri iliwatuliza watu? Sehemu ni umbo lenyewe la tukio. Mgonjwa, ndugu zake na mtoa pepo wote wanajua kinachotarajiwa: pepo ataulizwa jina, atapinga, atapiga kelele, atatoka. Mateso yasiyo na sura yanapata sura, yanapata jina, na yanakuwa si yeye. Aibu inaondoka kwa mtu inahamia kwa pepo. Halafu jamaa wanampokea. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa ni kuelemewa, hiyo ni tiba, na siyo ya kubeza.

Lakini haikufanya kazi kila mara, na watu wa kale walilijua hilo kuliko wahubiri wetu wa redioni. Wanafunzi wa Yesu walishindwa kwa yule kijana mbele ya umati. Luka 11 inaonya kwamba pepo akitoka huzunguka mahali pasipo maji, hurudi, huikuta nyumba imefagiwa, huleta wengine saba waovu kuliko yeye, na hali ya mwisho ya mtu yule huwa mbaya kuliko ya kwanza. Hayo ni maneno ya mtu aliyewaona wagonjwa wakirudi nyuma.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika somo hili ni wa kushindwa. Karibu na 380 huko Antiokia, Yohane Krisostomo aliandika maandiko marefu matatu kumfariji rafiki yake mmonaki, Stagirio, kijana wa ukoo mkubwa. Stagirio aliangushwa chini akiwa katika sala. Mikono inajikunja, macho yanageuka, povu mdomoni, sauti ya kutisha isiyoeleweka, mwili unatetemeka, kisha anapoteza fahamu. Usiku anaota nguruwe mwitu aliyejaa matope akimrukia. Ameombewa na watu watakatifu, amekwenda kwenye makaburi ya wafiadini yaliyosifika kwa kuponya, hakupona. Kibaya zaidi, anasikia msukumo wa kujitupa mtoni au gengeni. Krisostomo hakatai kwamba kuna pepo. Anachofanya ni kugeuza macho yake kwenye huzuni ya Stagirio. Anamwambia huzuni hiyo ni mbaya kuliko pepo mwenyewe, maana pepo humshinda mtu kwa kupitia huzuni. Ukiiondoa, hana pa kukudhuru. Kisha anatumia kurasa na kurasa kuzungumza naye. Nikiwapa wanafunzi wa udaktari maandiko hayo bila kutaja mwandishi, wanaona kifafa na sonona ndani yake mara moja, pamoja na rafiki anayejaribu kumzuia mwenzake asijiue.

Na kuna ile sehemu ya kazi ambayo haikuandikwa kwenye miujiza kwa sababu haina mshindo. Mkusanyo wa kanuni za kanisa wa Galia, nchi ya Ufaransa ya leo, wa karne ya 5, unaagiza kwamba watoa pepo wawawekee mikono wenye pepo kila siku, kwamba wenye pepo wafagie sakafu za nyumba za Mungu, na kwamba watoa pepo wawapelekee chakula kila siku wanapokaa humo. Soma tena polepole kama nesi. Watu wanaishi kanisani. Wanaguswa kila siku. Wanapewa kazi. Wanakula. Mwenye kutaka kujua kwa nini baadhi yao walipata nafuu aanzie hapo kabla hajaenda kwenye jambo lolote la kutatanisha.

Sitaki uondoke ukidhani yote yalikuwa huruma. Kumwita mtu mwenye pepo ni pia namna ya kumnyamazisha. Firmiliano, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, akimwandikia Sipriano wa Kartago mwaka 256, anasimulia jambo la miaka kama ishirini na miwili nyuma. Kulitokea matetemeko ya ardhi, watu wakawalaumu Wakristo, wengi wakakimbia. Ndipo akatokea mwanamke akisema amejazwa Roho, akitabiri, akitembea pekupeku kwenye theluji ya kipupwe, akisema anakwenda haraka Yerusalemu. Aliwavuta watu wengi. Alibatiza, akaadhimisha ekaristi kwa maneno sahihi ya kanisa. Mtoa pepo mmoja akasimama mbele yake na kutangaza kwamba kilichomo ndani yake ni pepo mwovu. Kosa lake lilikuwa nini hasa? Firmiliano anakerwa na ubatizo wake kuliko na theluji. Upande wa pili haukuandikwa, kwa hiyo hatutajua alijionaje, lakini kabla ya kumtafutia ugonjwa ningeuliza kwanza nani alikuwa na kalamu.

Nilisema zipo zilizotungwa. Namna moja ya kuzitambua ni kuona kitu kile kile kikitembea kutoka kitabu hadi kitabu. Karibu na 360 Hilari, askofu wa Poitiers huko Galia, anaandika kwamba kwenye makaburi ya wafiadini wanawake wenye pepo huning'inia kichwa chini, na nguo zao hazianguki kuwafunika uso. Paulino wa Nola, huko Italia, ana mtu anayening'inia vivyo hivyo kwenye kaburi la Mtakatifu Feliki, nguo zimebaki kwa heshima. Sulpicius Severus analileta kwenye habari za Martino wa Tours. Mwaka 404 Jeromu, akimsifu rafiki yake Paula aliyekwishafariki, anasema katika safari yake ya Nchi Takatifu aliwaona huko Samaria watu wakilia kama mbwa mwitu, wakibweka kama mbwa, na wanawake wakining'inia kwa miguu bila nguo kuwaanguka usoni. Waandishi wanne, nchi tofauti, na muujiza wa sketi ni ule ule. Hiyo ni picha iliyokuwa inapokezanwa na wasomi waliosoma vitabu vya wenzao. Kubweka na kulia kama mbwa mwitu naweza kukuamini kulisikika. La nguo, hapana. Hata hivyo picha hiyo ina historia yake. Peter Brown, mwanahistoria wa zama hizo, ameonyesha kwamba karibu na makaburi ya watakatifu kutoa pepo kulichukua sura ya mahakama ya Kirumi: pepo anahojiwa, anateswa, anakiri. Mahakimu wa kawaida walining'iniza na kupiga; mtakatifu alifanya hivyo bila kamba, na aliyekuwa anateswa ni pepo.

Kinyume chake, Injili ya Yohana haina hata simulizi moja ya kutoa pepo. Neno "una pepo" limo, lakini ni tusi analorushiwa Yesu. Mwandishi yule aliijua dunia ile ile na akachagua kunyamaza. Kwa hiyo kila unaposoma, kumbuka umepewa kilichochaguliwa.

Swali lako la mwisho. Yesu mwenyewe aliamini kuna pepo; yeyote anayekwambia alikuwa anajifanya ili aeleweke na watu wa zama zake anamtetea kwa jambo ambalo Injili hazikuliomba. Kama pepo wapo au hawapo, historia haina kipimo cha hilo, na saikolojia nayo haina: inaeleza namna tukio linavyokwenda, haitoi cheti cha kilichopo nyuma yake. Lakini kusema kijana yule alikuwa na kifafa si kumkana yeyote. Mathayo aliandika "mwenye kifafa" kabla yako na akaendelea kuwa Mwinjili. Hata ibada rasmi ya Kikatoliki ya kutoa pepo, ile ya 1614, ilianza kwa kumwonya padri asiamini upesi kwamba mtu amepagawa, na sheria ya kanisa ya leo inataka ruhusa ya askofu. Onyo hilo lina sababu. Huko Klingenberg, Ujerumani, mwaka 1976 msichana mwanafunzi mwenye kifafa alikufa kwa kukosa chakula baada ya miezi ya ibada za kutoa pepo. Wazazi wake na mapadri wawili walitiwa hatiani kwa uzembe uliosababisha kifo.

Ukikutana na mama ambaye mwanawe ameombewa, acha maombi yaendelee. Hayagombani na kidonge. Ukikuta ameambiwa akiendelea na phenobarbitone anaonyesha hana imani, usibishane naye kuhusu Marko 9. Mweleze tu kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokatika, na kwamba hilo huua.